Turubai Halikupi Joto, Linakutunzia Ulilonalo

Hotuba kwa wapiga kambi, wapanda milima na watu wanaojitolea kwenye uokoaji, imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote naomba mikono yenu. Kila mmoja amewekewa kitini kipande cha turubai chenye upande mmoja unaong'aa. Kishikeni kwa mkono wa kushoto, upande wa kung'aa ukiwaelekea. Sasa sogezeni kiganja cha kulia karibu nacho, lakini msiguse. Acheni nafasi ya upana wa kidole. Tulieni hapo. Naona wengine mmeshaanza kutazamana. Kiganja kinahisi uvuguvugu, sivyo? Na turubai lenyewe lina ubaridi ule ule wa ukumbi huu. Haya, sasa gusisheni kiganja kabisa. Uvuguvugu umeondoka, na mnachohisi ni ubaridi wa plastiki.

Uvuguvugu ule ulikuwa wenu. Ulitoka kwenye ngozi, ukafika kwenye alumini, yaani ule upande wa kung'aa, ukarudishwa. Mlipogusa, joto liliacha kurudi, likaanza kupita. Kipande ni kile kile na mkono ni ule ule; kilichobadilika ni nafasi ya hewa tu. Nikipewa dakika moja ya kusema na mtu anayekwenda kulala nje, nitamfanyisha zoezi hili na kumwacha aende, maana makosa mengi ninayoyaona kambini yanatokana na kutolijua.

Watu wengi hununua turubai hili wakiamini kwamba linapasha joto. Halipashi. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100, na kama hujaongeza chupa ya maji ya moto au mwenzako wa kulala naye, hilo ndilo joto lote lililomo ndani ya turubai. Kazi ya turubai ni kuchelewesha upotevu wake. Mtu akijifunika akiwa bado na joto, lipo la kutunzwa. Akisubiri mpaka meno yagongane na vidole vishindwe kufungua mfuko, ameleta mlinzi baada ya mali kupungua. Kwa hiyo nitalirudia neno "mapema" mara nyingi leo, mnivumilie.

Sasa tulitazame lenyewe. Blanketi la dharura la kawaida, lile jembamba linaloingia kwenye mfuko wa shati, ni utando wa plastiki ya poliesta wenye unene wa mikroni 12 hivi, yaani sehemu 12 tu za elfu za milimita, uliopakwa alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Utando wa namna hii ulitengenezwa mwaka 1964 kwa ajili ya safari za anga, katika kituo cha Marshall cha NASA, shirika la anga la Marekani, na ukiwa safi unaweza kuakisi hadi asilimia 97 ya joto la mnururisho, yaani lile linalorushwa bila kugusana. Ubaya wake ni kwamba hupasuka ukianza kuchanika kidogo tu, hupiga kelele usiku kucha, na upepo hauuachi mahali ulipowekwa.

Turubai ninalowaletea leo ni ndugu yake mkubwa. Ndani lina utando ule ule wa alumini, katikati kuna wavu wa nyuzi unaozuia mchaniko usienee, na nje kuna plastiki nzito yenye rangi. Mengine yameongezewa tabaka jembamba la sufi au sponji ya kuzuia joto. Pembeni lina pindo na matundu yenye pete za chuma za kupitishia kamba. Ni zito zaidi, linachukua nafasi kwenye begi, na kwa maoni yangu uzito huo una thamani yake, kwa sababu lile jembamba hulitumii zaidi ya usiku mmoja, nalo hili linaweza kuwa paa, ukuta, tandiko na shuka la kumfungia majeruhi, likakunjwa, likatumika tena.

Joto la mwili lina njia nne za kutoroka. Linapita kwa kugusana, kama mlivyoona kiganjani. Linabebwa na hewa inayotembea, na ndiyo maana upepo hutuumiza kuliko kipimajoto kinavyosema. Linaondoka na jasho na pumzi kwa kukausha maji. Na linarushwa kama mnururisho usioonekana, kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye chochote chenye ubaridi kinachoikabili. Upande wa kung'aa unashughulika na njia hii ya mwisho peke yake. Chupa ya chai mliyokuja nayo inafuata kanuni hiyo: mwanasayansi James Dewar alipoitengeneza mwaka 1892 aliweka kuta mbili zenye ombwe katikati, na kuzipaka rangi ya fedha kukapunguza joto linalorushwa kutoka ukuta hadi ukuta. Angeziacha kuta hizo zigusane, fedha hiyo isingesaidia kitu.

Njia nyingine tatu zinahitaji mambo mengine ya turubai. Plastiki inazuia upepo, na hilo peke yake, nawaambia kwa dhati, mara nyingi linafanya kazi kubwa kuliko alumini. Sufi au sponji, kama ipo, inapunguza joto linalopita kwa kugusana, ila kidogo tu, kwa sababu ni nyembamba. Na jasho? Hapo turubai linaweza kukusaliti, nitaeleza.

Nianze na ardhi, kwa kuwa ndiko watu wanakopoteza usiku wao. Ukilalia turubai, uzito wako unabana kila kitu kilicho chini yako. Hewa inatoka, alumini inagusa nguo upande mmoja na udongo upande wa pili, na kuanzia hapo si kioo tena, ni plastiki nyembamba tu inayopitisha joto kwenda ardhini. Na ardhi haishibi. Unaweza kuwa umefunikwa vizuri juu ukaamka unatetemeka, na ukalilaumu turubai. Weka kitu kinachobaki na unene hata kikilaliwa: godoro la kambi, majani makavu mengi, nyasi, begi lililotolewa vitu, kamba zilizokunjwa, nguo za akiba. Majani yaonekane mengi kupita kiasi kabla hujalala, kwa kuwa yatashuka sana ukiyalalia. Turubai chini yake linafaa kuzuia unyevu usipande, na hiyo ni kazi halali, lakini msilitegemee kuwa godoro. Mkinilazimisha kuchagua kitu kimoja kwa usiku wa baridi usio na mvua wala upepo, nitachagua godoro nene na kuacha turubai bora kuliko yote.

Juu yako mambo ni tofauti, kwa sababu hapo hewa inaweza kubaki. Usiku usio na mawingu, ardhi na kila kilichopo juu yake hurusha joto kuelekea angani, na anga halirudishi kiasi hicho. Ndiyo sababu umande huwa mwingi kwenye nyasi zilizo wazi na huwa haba chini ya mti wenye matawi mapana. Turubai lililotundikwa juu ya mahali unapolala hufanya kazi ya yale matawi, na upande wa kung'aa ukikuelekea unairudisha sehemu kubwa ya joto lako. Usilikaze likakugusa, liache limeinuka kidogo kwa kamba, fimbo au begi. Ukijifunga nalo mwilini, lisikubane, na kati yake na ngozi ziwepo nguo kavu zenye kushika hewa.

Kila ninaposema haya, mtu huuliza upande upi uwe ndani. Kwenye baridi, ule wa kung'aa uwe ndani na wenye rangi uwe nje. Lakini msigombane gizani kwa ajili hiyo, kwa sababu alumini ina tabia mbili zinazokwenda pamoja: inaakisi joto inalorushiwa, na yenyewe hurusha joto kidogo sana. Kwa hiyo hata ukiligeuza litakusaidia. Tofauti ya pande ni ndogo. Tofauti ya kuwa na hewa na kutokuwa nayo ni kubwa.

Sasa unyevu. Turubai halipitishi hewa. Jasho na pumzi vinafika kwenye plastiki baridi, vinageuka matone, vinarudi kwenye nguo zako. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa haikukingi tena, inakuibia. Mtu aliyepanda mlima akatokwa na jasho, kisha akajifungia ndani ya turubai bila kubadilisha fulana, anaweza kuamka asubuhi akiwa amelowa zaidi ya alivyolala. Mkifika kambini, badilisheni nguo ya ndani kwanza, hata kama uvivu unawashika, halafu ndipo mjifunike. Shingoni au miguuni acheni mwanya wa mvuke kutoka. Na kinywa na pua vibaki nje siku zote. Usimfunike mtoto uso kwa plastiki hii hata kwa dakika chache, na usimwache amelala nayo bila mtu mzima wa kumtazama. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Apakatwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama au baba, na turubai liwafunike wote wawili kwa nje, uso wake ukiwa wazi.

Naja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa: mtu aliyepoa kupita kiasi. Joto la ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Likishuka chini ya 35, mtu yupo hatarini. Mwanzoni anatetemeka sana, anaangusha vitu, anajikwaa, anashindwa kufunga zipu, maneno yanamtoka nusunusu, anakasirika bila sababu au anataka aachwe alale. Wenzake wanadhani amechoka. Likifika karibu nyuzi 32 kutetemeka kunaweza kukoma, na hapo ndipo watu hufurahi wakisema ametulia. Msifurahi. Mwili umeishiwa nguvu za kujipasha.

Mkimwona katika hatua yoyote ya hizo, mwondoeni kwenye upepo kwanza. Tandazeni turubai chini, juu yake wekeni magodoro na chochote kinene mlicho nacho, kisha yeye alale hapo, mlalo, asisimamishwe. Kama mna kibanda cha kumkinga na nguo kavu, mvueni zilizolowa taratibu, mkizikata kwa mkasi badala ya kumgeuzageuza. Kama hamna, msimvue kwenye upepo: mfungeni kwanza na plastiki juu ya nguo zake, ili maji yasiendelee kukauka mwilini mwake na kuondoka na joto, halafu mfuko wa kulalia au mablanketi juu ya plastiki hiyo, na mwisho mkunje pande mbili za turubai zimzunguke, ya miguuni ikunjwe juu, kichwa kivalishwe kofia, uso ubaki wazi. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye nguo ziwekwe kifuani na makwapani, zisiguse ngozi, kwa sababu ngozi iliyopoa inaungua bila mwenyewe kujua. Kumbukeni nilichosema kuhusu joto la ndani: mgonjwa huyu halizalishi la kutosha, kwa hiyo turubai bila chanzo kingine cha joto halitamrudisha, litamzuia tu asizidi kushuka.

Akiwa na akili timamu na anameza bila shida, mpeni kinywaji vuguvugu chenye sukari nyingi. Sukari ndiyo kuni ya kutetemeka kwake. Pombe hapana, hata tone, kwa kuwa hupanua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje huku mtu akijisikia vizuri. Msimsugue mikono wala miguu. Msimlazimishe kutembea ili "achangamke". Moyo uliopoa sana hauvumilii misukosuko, na kumbeba kwa fujo kunaweza kuuvuruga mapigo yake. Na kama amepoa kiasi kwamba hajibu, tafuteni pumzi na mapigo kwa utulivu hadi dakika nzima, maana yanaweza kuwa ya polepole mno. Msipoyapata, anzeni kumfufua kwa kumbana kifua na kumpulizia pumzi, mwiteni daktari, na msimkatie tamaa. Mwaka 1999 nchini Norway, daktari kijana aliyenasa kwenye maji chini ya barafu aliokolewa joto la mwili wake likiwa nyuzi 13.7, moyo umesimama, na akaishi.

Kuhusu kulitundika kama kibanda, nitakwenda haraka kidogo kwa sababu tutafanya kwa mikono. Chagueni mahali kabla ya kuchagua fundo. Epukeni mkondo wa mto mkavu, matawi yaliyokauka juu ya vichwa vyenu, na mabonde madogo ambamo hewa baridi hukaa. Kwenye upepo mkali kibanda kiwe chini, kiasi cha kutambaa kuingia, mgongo wake ukiukabili upepo. Kila pete ya chuma ifungwe kwa kamba yake, na kama pete imeng'oka, wekeni jiwe dogo laini kwenye kona, lizungushieni turubai, mfunge kamba shingoni mwa jiwe hilo. Linashika vizuri kuliko pete nyingi za kiwandani.

Moto mbele ya kibanda cha upande mmoja ni raha kubwa, kwa sababu joto linakufikia usoni kutoka kwenye moto na mgongoni kutoka kwenye alumini. Ila uwe mbali, mita mbili au zaidi, na mdogo. Plastiki ya polithini huanza kuyeyuka ikizidi kidogo tu nyuzi 100, na cheche moja inatoboa. Ndani ya turubai lililofungwa pande zote usiwashe jiko la aina yoyote, wala usiingize mkaa unaowaka, hata ukiwa umebakia makaa tu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, na anayeivuta husinzia. Hapo sina mjadala na mtu.

Tumezungumza baridi muda mrefu kana kwamba jua haliui. Tarehe 14 Mei 1973 Marekani ilirusha kituo cha anga cha Skylab, na wakati wa kupaa ngao yake ya nje iling'oka. Bila ngao hiyo, ndani kukawa moto kupita nyuzi 50. Wanaanga watatu, Pete Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz, walirushwa tarehe 25 Mei, na kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa kusukuma mwavuli wa kitambaa cha nailoni na utando wa alumini kupitia tundu dogo la ukutani, ukafunguka nje upande wa jua. Ndani kukaanza kupoa. Kilichokiokoa kituo kile kilikuwa turubai la kuakisi lililowekwa kati ya watu na jua, halikuwagusa, halikugusa hata ukuta.

Nasi tufanye hivyo hivyo. Jua la mchana kwenye anga safi hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tundikeni turubai upande wa kung'aa ukitazama juu, liwe juu vya kutosha, pande ziachwe wazi upepo upite. Mkiwa na maturubai mawili, yatundikeni moja juu ya lingine na nafasi ya shubiri moja au zaidi katikati: la juu linachemka, la chini linabaki na nafuu, na hewa iliyopo kati inaondoka na joto. Lakini mtu aliyezidiwa na joto, ambaye mwili wake umefika nyuzi 40 na akili imeanza kumpotea, msimfunge na turubai hili kamwe. Liwe kivuli juu yake tu. Yeye amwagiwe maji na apepewe, haraka, huku msaada ukiitwa.

Kuna matumizi mengine ambayo watangazaji huyasema sana, na mengine hawayasemi. Upande wa rangi ya machungwa huonekana kutoka mbali, na ule wa kung'aa ukipigwa na jua hutoa mmweko. Milimani ishara ya kuomba msaada ni sita katika dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha sita tena. Jibu ni tatu kwa dakika. Kwa ndege, herufi V kubwa iliyolazwa chini maana yake tunahitaji msaada, na X maana yake tunahitaji msaada wa daktari. Turubai lililokatwa vipande virefu linaziandika vizuri.

Wasilolisema ni hili, na nawaomba waokoaji mnisikilize kwa makini. Kamera za joto zinazotumika kwenye helikopta na droni zinatafuta mnururisho wa mwili. Mtu aliyejifunika kabisa kwa alumini amejificha mbele ya kamera hiyo. Inaona ubaridi wa anga ulioakisiwa. Mkisikia injini inakaribia, tokeni nje, au angalau mikono na uso viwe wazi. Vilevile alumini huzuia mawimbi ya redio. Kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye megahezi 406, simu ya setilaiti, hata simu ya kawaida, vinaweza kukosa mtandao chini ya turubai hili. Viwekeni nje, mahali panapoona anga. Na helikopta ikija kutua, kunjeni turubai au likalieni, maana upepo wa mapanga yake utalirusha juu, na likinasa kwenye rota mmegeuza uokoaji kuwa ajali ya pili.

Baada ya dhoruba au tetemeko, angalieni pia nyaya za umeme zilizoanguka. Alumini inapitisha umeme. Msiburute turubai lenye unyevu karibu na waya ambao hamna hakika umezimwa. Radi nayo turubai haliizuii. Msijifariji chini yake mkiwa peke yenu kilimani au chini ya mti mrefu uliojitenga.

Kwa maji ya mvua, hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Turubai la mita 2 kwa 3 lililolazwa na kuinamishwa kidogo, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linakupa karibu lita 60 kama hazimwagiki. Mvua ya mwanzo iacheni ilisafishe, kisha yatibuni maji kabla ya kunywa.

Na kwa wale mtakaopanga makazi ya muda baada ya maafa, viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataka angalau mita za mraba 3.5 zenye paa kwa kila mtu. Pimeni turubai lenu kwa kipimo hicho kabla hamjaahidi kwamba linatosha familia. Turubai moja la kambi lenye mita sita za mraba halitoshi hata watu wawili kwa kipimo hicho. Kwa usiku mmoja wa dharura watabanana, kwa majuma haiwezekani.

Mkinunua, msitazame bei peke yake, wala msitishwe na maandishi ya pakiti. Vuteni pete ya chuma kwa nguvu mbele ya muuzaji. Angalieni kama pindo limeshonwa au limegandishwa tu. Sugueni upande wa kung'aa kwa kidole gumba. Ule unaoachia unga wa fedha hautadumu. Likitumika, lifuteni kwa kitambaa laini chenye maji, likaushwe, likunjwe bila kurudia mikunjo ile ile, kwa sababu alumini hupasuka kwenye mikunjo, na vumbi na matope hupunguza kuakisi kwake. Likiwekwa limelowa, tabaka hubanduka.

Na lisikae chini ya begi. Liwe juu kabisa, au mfuko wa pembeni, pamoja na kamba zake, mahali ambapo mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi anaweza kulifikia gizani. Wakati wa kulitoa ni mnapopumzika na jasho bado halijakauka, wakati mmoja wenu anaposema "mimi sina baridi" huku midomo inatetemeka, wakati mvua imeanza manyunyu. Mapema.

Tunatoka nje sasa. Gawanyikeni watatu watatu: mmoja mgonjwa, wawili wa kumfunga. Mgonjwa avae fulana iliyoloweshwa, na wale wawili wavae glovu nene ili vidole visiwatii. Nitatazama mambo matatu tu: kuna nini chini ya mgongo wake, uso upo wazi, na mmechukua muda gani. Atakayehisi baridi ya kweli aseme papo hapo. Nguo kavu na maji ya moto vipo kwenye meza ya mlangoni.